Randa za Fundi Kombo

Vijana wa karakana, mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi kabla yenu, na mmeomba kwa adabu hata nikashindwa kukataa. Lakini jueni mnayemwomba ni mtu wa namna gani. Tangu nistaafu siwezi kukaa mahali pamoja hata kikombe cha kahawa kikaisha. Haya nimeyaandika kwa vipande: kipande kwenye baraza ya nyumbani, kipande dukani nikingoja mafuta ya kuchua bega, kipande nimesimama dirishani. Mkiona mahali mwandiko umepinda, hapo nilikuwa nainuka.

Na liko jambo linaloniinua. Chumbani kwetu kuna kasha, na ndani ya kasha mna randa sita za mkono za marehemu fundi wangu, Bwana Kombo. Kuna mtu anataka kuzinunua na anangoja jibu. Nimekwisha kusema ndiyo moyoni, nimekwisha kusema la, na yote mawili kabla ya adhuhuri ya siku moja. Mke wangu Esha ameacha kuniuliza. Nitaanza mwanzo, maana bila mwanzo mtaona ni mzee tu anayesumbuliwa na mbao kuukuu.

Nilipelekwa karakanani na mjomba wangu nikiwa na miguu mirefu na maneno mengi. Bwana Kombo alikuwa mtu wa Tchundwa, kule kisiwa cha Pate, aliyehamia hapa Amu, yaani Lamu, kwa kazi. Alikuwa mfupi, kofia yake imesukumwa nyuma, na penseli imechomekwa kwenye ukingo wa kofia. Akaniuliza, "Wayua kupiga randa?" Nikajibu kwamba najua. Akanipa ubao wa mbambakofi na randa ya chuma, akasema nimwonyeshe. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Randa ikaruka, ikakwama, ikatafuna mti, ikaacha mashimo.

"Hiyo si randa," akasema. "Ni mbuzi yuwala karatasi."

Karakana nzima ikacheka. Mjomba akacheka zaidi ya wote, na ndiye aliyenileta.

Baada ya hapo sikugusa ubao kwa muda mrefu sana. Nilipewa kinoo na kibao kifupi cha kukalia, nikawa nanoa visu vya randa kuanzia asubuhi hadi kazi ifungwe. Anayenoa kisu cha randa hana la kufanya ila kukaa. Ukiinuka, mkono hubadilisha pembe. Pembe ikibadilika, makali huwa na tumbo, na kisu chenye tumbo hakikati. Mimi niliinuka kwenda kutazama nani anapita uchochoroni. Niliinuka kunywa maji nisiyokuwa na kiu nayo. Kila mara Bwana Kombo alisema bila kugeuka, "Lali, kaa kitako." Nadhani aliniambia hivyo mara nyingi kuliko alivyoniita kwa salamu.

Kwenye kibao cha pili alikaa Musa, aliyeanza kazi wiki ileile niliyoanza mimi. Musa alikuwa mtoto wa mtaa wa Langoni, mtulivu, na alikaa kama gunia la mchele lililowekwa na mwenyewe. Kisu alichonoa yeye kilinyoa vinyweleo vya mkono pasipo kusikia kitu. Changu kiliving'oa. Tulikuwa marafiki tangu siku hizo, na tulibishana tangu siku hizo pia, juu ya mpira, juu ya bei ya samaki, juu ya upande gani wa ubao uangalie jua.

Sasa niwaeleze hizo randa, maana nyinyi mmezoea mashine. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya mti mtupu, ameichonga Bwana Kombo mwenyewe. Tuliiita Bibi kwa sababu ilinyoosha kila kilichopinda. Ya pili ilikuwa ya chuma, imetoka Ulaya zamani, mpini wake mwekundu wa kiza umelainishwa na viganja vya watu tusiowajua. Hiyo ni Mzungu, ndiyo iliyonitia aibu siku ya kwanza. Ya tatu ndogo ya kiganja, kisu chake kimemeguka pembeni, nayo ni Kibogoyo. Tatu zilizobaki zilikuwa nyembamba, za kutolea miundo kwenye miimo ya milango, kila moja na umbo lake chini, na hizo hakuna aliyezipa majina kwa kuwa Bwana Kombo hakuruhusu mtu kuzizoea. Alituonya vilevile randa isisimamishwe kwa tumbo juu ya meza. Hulazwa ubavu, makali yasiguse kitu. Hata leo nikimwona mtu ameisimamisha, mkono wangu hutoka wenyewe kwenda kuilaza.

Kazi iliyonifunza ilikuwa mlango wa nyumba moja ya mtaa wa Mkomani. Harusi ilikuwa karibu na mwenye nyumba alitaka bibi harusi aingilie mlango mpya. Mbao alizoleta zilikuwa nzuri kwa macho, lakini nyuzi zake zilikwenda huku zikarudi huku katika ubao mmoja. Ukipiga randa kwenda mbele, nusu ya ubao inang'ara na nusu inachanika. Mimi na Musa tulijaribu kutwa nzima. Mwenye nyumba akaja, akauliza kama tunatengeneza mlango au tunautafuna. Nikamjibu jambo ambalo sitaliandika hapa.

Bwana Kombo alikuja akapitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, kama anayempapasa paka. Akatuambia paka ana upande wake wa kupapaswa, na ubao huu ni paka wawili wamelala pamoja. Akakata kipande chembamba cha bati, akakitia ndani ya Mzungu mbele ya kisu, ule mwanya wa kutolea maranda ukabana hata unywele ungepita kwa taabu. Akaupangusa ubao kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha akaigeuza randa kidogo, isiende sawa na ubao bali mshazari, na akavuta pumzi kabla ya kusukuma. Maranda yakatoka membamba, marefu, yakajikunja miguuni pake. Ubao haukuchanika. Musa akatazama mara moja akaweza. Mimi nilitazama wiki nzima.

Mlango ule uko mpaka leo. Mkipita, papaseni ubao wa kushoto.

Msidhani nilikuwa mtu wa kutulia baada ya hapo. Niliacha kazi nikaenda Mokowe na watu waliokuwa wakijenga vibanda, nikachoka na vumbi, nikarudi. Nikaacha tena nikaenda Kiunga na mafundi wa mashua, nikagombana na tajiri wao, nikarudi. Mara zote mbili nilimkuta Bwana Kombo mezani pake. Hakuuliza nilikokuwa. Alinionyesha kibao changu kwa kidevu na kazi ikaendelea. Mara ya tatu nilidhamiria Mombasa, kwenye kiwanda cha samani, pamoja na rafiki yangu aliyekwisha kupata chumba. Nguo zilikuwa ndani ya mkoba. Sikuwa nimemwambia mtu ila Musa.

Katika siku hizo ndipo macho ya Bwana Kombo yalipoanza kumtupa. Alikuwa akipima kwa vidole badala ya penseli. Asubuhi moja alitangaza kwamba anarudi kwao Tchundwa, boti ya Mtangawanda, gati ya kwao Pate, inaondoka baada ya adhuhuri na mkewe amekwisha kutangulia na vyombo. Sote tuliacha kazi isipokuwa Musa, ambaye alikuwa katikati ya ubao na hapendi kusimama katikati ya ubao. Bwana Kombo aliaga mmoja mmoja. Kisha akalisukuma kasha la randa kwa mguu likafika mbele yangu.

"Lali," akasema. "Kaa nazo."

Akatoka. Hayo tu. Nilisimama na kasha mbele ya miguu, na damu ikanipanda usoni kwa furaha. Kati ya mafundi wote, na wengine walikuwa na mvi, amenichagua mimi! Nikamtazama Musa. Alikuwa akipiga randa, hakuinua kichwa. Nikamhurumia sana.

Mombasa sikwenda. Ningekwendaje? Mtu aliyeachiwa randa za Bwana Kombo hazibebi begani kama mwizi akapanda nazo basi. Nilitoa nguo mkobani. Rafiki yangu alikwenda peke yake, akaniandikia barua moja, kisha tukasahauliana. Bwana Kombo hakuishi sana baada ya kurudi kwao. Tulikwenda kumzika, mimi na Musa, na kaburini nilisimama mbele kidogo ya wenzangu, kwa kuwa niliamini ndipo mahali pangu.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi, maana nyinyi wenyewe mliikuta mikia yake. Umeme ukaja karakanani, mashine ya kupigia randa ikaja, ndugu zetu wa bara wakaja na ufundi wao wa makabati. Tulitengeneza vitanda vya nyumba za wageni za Shela mpaka nikaota miguu ya vitanda. Mashine ni kitu chema, sina ugomvi nayo. Lakini mashine huacha mawimbi juu ya ubao, huyaoni mpaka taa iwekwe upande, na mgeni wa Shela siku zote huwa na taa upande. Kwa hiyo mpito wa mwisho tulipitisha kwa mkono, kwa Mzungu au Bibi, na jioni nilizipaka mafuta ya nazi zisishike kutu ya chumvi. Nilizitunza vizuri. Hilo nalisema bila haya.

Na nilimtunza Musa. Sikupenda kulifungua kasha mbele yake. Mbao zikiletwa nilimwacha achague kwanza. Akimaliza kazi niliisifu kwa sauti, mbele za watu, hata kazi ambayo haikuhitaji sifa, ajue kwamba kutochaguliwa si mwisho wa dunia. Alikuwa akinitazama kwa jicho la kucheka kidogo. Mimi nikidhani ni shukrani.

Bega langu ndilo lililonistaafisha. Daktari alilizungusha, akasikia linavyolia, akaniambia nikiendelea sitaweza kuinua mkono kujitilia maji ya udhu. Nikaja nyumbani na kasha. Tangu hapo nyumba imekuwa ndogo. Nalifungua kasha, nazipangusa randa zisizo na vumbi, nalifunga, natoka, nafika madukani, narudi, nalifungua tena. Esha ni mwanamke mvumilivu lakini ana ulimi.

"Baba Famau," akaniambia siku moja, kwa jina la kifungua mimba wetu kama anavyoniita akikasirika, "umewata kupiga randa, sasa warandaranda wewe. Ni ipi afadhali?"

Siku hizohizo alikuja Mercy. Ni binti wa bara, kwao Karatina, ndiye msimamizi wa nyumba moja ya wageni huko Shela. Alikuwa amesikia habari za randa kutoka kwenu, na sijui ni nani kati yenu mwenye mdomo huo. Nilitaka nimwone mjinga, ingenirahisishia kazi. Lakini aliketi mkekani, akaishika Bibi kwa mikono miwili, akailaza ubavu bila kuambiwa.

"Mzee, guka alikuwa fundi," akasema. "Babu yangu. Akifariki, watu wa nyumbani wakauza vyombo vyake kwa yule mtu wa chuma chakavu. Vikapimwa kwa kilo. Nilikuwa shule, nilirudi nikapata shelfu iko empty. Hizi nataka kuweka sebuleni, ukutani, wageni waone. Sitaziharibu. Wewe sema tu unachotaka."

Nikamwambia nitamjibu. Alipoondoka niliona nina mambo mawili na yote yananichoma. Nikizibakisha, bega haliwezi kuzisukuma, watoto wangu hawana haja nazo, na siku nikifa zitapimwa kwa kilo kama za babu yake. Nikiziuza, zitatundikwa ukutani kama vichwa vya paa, na mimi niliyechaguliwa nitakuwa nimeuza uchaguzi wangu mwenyewe. Nikamweleza Esha. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho.

"Ni zako za kuuza?" akauliza.

"Za nani tena?"

"Alikupa, au alikuwekesha? Alisemaye hasa?"

"Alisema, kaa nazo."

Akaacha mchele. "Kaa nazo si tukua ziwe zako, Baba Famau. Mimi nikenda sokoni nikamwambia jirani kaa na mwanangu, nimempa mwana?"

Miaka yote ile sikuwahi kulitazama neno lenyewe. Nilikuwa nimelisikia kama nilivyotaka kulisikia. Kama Bwana Kombo aliniwekesha tu, basi ni amana, na amana ina wenyewe, na wenyewe wako Tchundwa. Na mimi si mrithi wa fundi yeyote, ni mlinzi wa kasha. Nilitoka nikazunguka mji wote, nikarudi, nikatoka tena. Esha akaniambia kwa huruma sasa, "Binti yake yu hai. Enda kamuulize, uipumzishe nafsi yako. Na yangu."

Hapo niliweka kalamu; yanayofuata nimeyaandika baada ya yote kwisha. Nikapanda boti ya Mtangawanda. Watu wote walikaa, mimi nilisimama karibu na injini mpaka nahodha akanifokea. Gatini nikapata pikipiki hadi Tchundwa, na bega langu lilihesabu kila shimo la njia. Bi Zena, binti wa Bwana Kombo, ana shamba dogo na wajukuu wengi. Alinijua kabla sijasema jina. Akanitandikia mkeka, akaniletea maji ya madafu, tukaulizana hali na waliokufa. Kisha nikamwambia kilichonileta: nataka kujua kama babake aliacha zile randa kwangu kwa kunipa au kwa kuniwekesha, maana kama ni zao nitazileta kesho.

Bi Zena akanitazama, halafu akacheka mpaka akashika ubavu.

"Babangu hakukupa, wala hakukuwekesha," akasema. "Alikwambia kaa. Kaa, nazo. Hukusikia?"

Nikamwambia sijaelewa.

"Alipokuya hapa siku ile alimweleza mamangu, na mimi nipo. Alisema, Musa ameniambia Lali yuwataka kwenda Mombasa. Yule kiyana hakai kitako, ataranda nti zote mpaka ufundi umpotee. Nimemwatia randa zimkalishe. Mamangu akamuuliza, kwani si Musa ndiye fundi wako? Akasema, ndiye. Musa hapana wa kumshinda. Lakini Musa hahitaji kufungwa, ni mtu wa kukaa mwenyewe."

Alisema bila ubaya wowote, kama anayenieleza hali ya mvua. Nami niliona mkeka unanikimbia. Lilikuwa ni lile lile kaa kitako, neno la kila siku la karakanani, limeongezwa randa. Hakuwa amenipa randa mimi. Alikuwa amezipa randa mimi, kama mbuzi anavyofungwa kwenye kigingi.

"Basi ni zenu," nikasema.

"Zetu za nini? Sisi ni wakulima. Alikutaka ukae. Ulikaa?"

"Nilikaa."

"Basi kazi yake imekwisha. Uza, tupa, pikia. Zako." Akanijazia madafu mengine. "Na usikasirike, Bwana Lali. Mtu hafungi asichokitaka."

Nilikasirika. Njia yote ya kurudi nilikasirika, na kwa kuwa sikuwa na wa kumkasirikia, maana mwenyewe yuko kaburini, nilikwenda moja kwa moja kutoka gatini hadi nyumbani, nikamwita mwenye punda, nikapakia kasha, nikalipeleka Langoni kwa Musa. Niliona haki ni hiyo. Kama fundi alikuwa Musa, randa ziende kwa Musa, japo zimechelewa maisha mazima.

Musa alikuwa nje ya nyumba yake, juu ya baraza, akisuka upya kiti cha mtu. Mikono yake siku hizi inatetemeka mpaka aishike kazi, ikiishika kazi inatulia. Nikaliweka kasha mbele yake, nikamweleza yote kwa kusimama, neno kwa neno, hata lile la kwamba hapana wa kumshinda. Nilitegemea alie, au ashukuru, au angalau aache kusuka.

"Nayua," akasema.

"Wajua nini?"

"Hayo yote. Bwana Kombo aliniambia asubuhi ile, kabla ya kukuaga. Aliniuliza kama nitaona vibaya. Nikamwambia mpe."

"Na hizi? Zichukue."

"Sikuwa na haja nazo mikono ikiwa mizima, leo nizitakie nini? Nina zangu." Akavuta uzi, akaukaza. "Mzungu ni randa nzuri lakini. Hiyo wewe hujaiweza mpaka leo."

Nilikumbuka jinsi nilivyomsifia vitanda mbele za watu, nikalikumbuka na lile jicho lake la kucheka. Mtu niliyemhurumia maisha yangu yote alikuwa ananistahi mimi, asiniaibishe! Nikashika njia ya pwani kwa miguu, jua kali, bega linaniuma, mpaka Shela. Nikamkuta Mercy anagombana na fundi bomba. Nikamwambia randa ni zake, azifuate kwa Musa, Langoni, na bei aseme mwenyewe, mimi sitaki kuisikia. Akaniuliza kama niko sawa, akaagiza niletewe juisi. Juisi ilipofika nilikuwa nimekwisha kuondoka.

Niwaambie ukweli, vijana, nilidhani nikiziuza nitapata nafuu. Nilirudi Amu hasira ileile iko nami, sasa haina hata kasha la kukalia. Nikapita nyumbani sikuingia. Nikapita karakanani, mtanikumbuka, mliniita na mimi nikapunga mkono. Miguu ikanirudisha Langoni. Musa alikuwa palepale barazani na kile kiti. Mercy na vijana wake walikuwa wamekwisha kupita, mahali pa kasha palikuwa patupu.

"Umeuza," akasema.

"Nimeuza."

"Umefanya vyema. Yule binti ana mikono mizuri. Alizilaza ubavu mwenyewe kwenye rukwama."

Nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimebakiwa na swali moja tu.

"Musa, ulijua miaka yote hii. Kila siku nikijitapa nazo, unajua. Kwa nini hukuniambia?"

Alimaliza safu aliyokuwa akiisuka, kwa kuwa hapendi kusimama katikati ya safu.

"Ningalikwambia ungalikwenda zako Mombasa," akasema.

"Naam, ningalikwenda."

"Sikutaka uwende."

Kisha akakisogeza kile kiti, baraza ikapata nafasi. Nikavua makubadhi, nikakaa.